Jicho Ambalo Sikulichora

Machi 12, Jumatano

Leo nimechora fahali mpaka mbwa akambwekea. Naandika nikiwa nimekaa, maana sifa kubwa namna hii mtu hawezi kuibeba akiwa amesimama. Hapa sokoni Manyatta nimechora kuku, matrekta, meno ya daktari wa meno, vichwa vya vinyozi, na Yesu mmoja wa kanisa la mabati kule juu, na hakuna mbwa aliyewahi kusimama mbele ya kazi yangu akabweka. Leo amebweka. Mashahidi wapo.

Ukuta ni wa Idrisi, kijana wa Embu mjini. Amekodi kile chumba kando ya duka la mbolea, anataka kufungua bucha mara Idd ikipita. Kwao ni wachinjaji tangu babu. Aliniambia, "Mzee Njoka, nataka ng'ombe ambaye mtu akimwona kutoka barabarani anasikia njaa." Nikamwambia amefika kwa fundi.

Machi 13

Yule mbwa alikuwa ananibwekea mimi. Nilimkanyaga mkia nikishuka ngazi. Naona heri niandike mwenyewe, kwa sababu Kajuju muuza ndizi alikuwa pale pale na ameshasimulia soko zima.

Fahali bado ni mzuri. Mbwa hana uwezo wa kusema hapana.

Machi 14

Mvua. Rangi haikauki. Viazi na chai.

Machi 17, Jumatatu

Fahali amekamilika isipokuwa pahali pamoja, na hapo pamoja pamenichukua asubuhi nzima.

Nimemchora kwa ubavu, kichwa kimeelekea barabarani, kwa hiyo anaonekana jicho moja tu, la kushoto. Rangi ni kahawia, kwa sababu kahawia ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye debe baada ya kazi ya mlango wa kanisa. Pembe moja nimeiinamisha chini. Hiyo si sanaa. Kuna bomba la maji ya mvua linateremka pale, na pembe ikikutana na bomba lazima mmoja apishe.

Nilikuwa nimeshachovya brashi ndogo ya jicho nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe mzee, unatia nini hapo?"

Ni Mwanamisi, mama yake Idrisi. Ametoka mjini asubuhi, amekaa kwenye stuli ya plastiki kama hakimu.

"Jicho, mama."

"Usitie."

"Sasa fahali bila jicho ataonaje njia?"

"Ni wa ukutani. Anaenda wapi?"

Nikamgeukia mwanawe na brashi mkononi. Idrisi akanieleza kwa adabu. Kwao hawapendi kuweka picha ya kiumbe mwenye uso kamili. Eti siku ya mwisho mchoraji ataambiwa akipulizie uhai kile alichokichora. Nikaangalia nyuma katika maisha yangu, nikaona wale kuku wote, na trekta, na meno. Kazi itakuwa nyingi.

"Na trekta, mama? Nalo nitalipulizia?"

"Trekta halina roho," akasema Mwanamisi. "Wewe una mdomo. Shughulikia huo kwanza."

Basi nikaacha. Pale pa jicho nimebakisha duara la chokaa ya ukuta, kama mdomo wa kikombe. Sikuchora jicho jeupe. Niliacha kuchora jicho. Leo tofauti hiyo niliiona ndogo, nikaenda kunywa chai.

Machi 20

Nilienda kubadilisha simkadi. Msichana wa dukani akaangalia kitambulisho, akaniangalia, akaangalia tena.

"Babu, huyu si wewe."

"Hata mimi nimekuwa nikimshuku," nikamwambia.

Picha ile nilipigwa nikiwa na nywele na hasira. Sasa vyote vimepungua, hasa nywele. Haifanani na mimi hata sikio, lakini serikali inasema ni mimi, na nikipotea watanitafuta kwa sura hiyo. Wakati huo huo nina ndugu yangu kule Kiambere, tumezaliwa siku moja, tunafanana hivi kwamba mke wake aliwahi kunigombeza njiani kwa kosa la mumewe, nami nikaomba msamaha ili yaishe. Na yeye si picha yangu. Wala mimi si picha yake. Yai linafanana na yai, lakini hujaona mtu ametundika yai ukutani akasema hii ni picha ya lile lingine.

Nilisoma mpaka darasa la tano tu, kwa hiyo sijui kama waliosoma zaidi wameshamaliza swali hili. Kama kufanana hakutoshi, na kutofanana hakuzuii, picha inakuwa ya mtu kwa njia gani? Nikamwuliza yule msichana. Akasema, "Babu, kuna foleni."

Machi 24

Mvua tena. Mahindi yanafurahi, mimi sifurahi.

Machi 31

Idd. Idrisi amenialika mjini kwao. Pilau. Nimekula sahani tatu na Mwanamisi akanitazama akasema, "Sasa huyu ndiye wa kuchorwa kwenye bucha." Naanza kumpenda mama huyu.

Aprili 2, Jumatano

Bucha imefunguliwa jana. Watu wengi. Wengine wamekuja kwa nyama, wengine wamekuja kwa fahali, na wote wanauliza swali moja.

"Mzee Njoka, ni ng'ombe wa nani?"

"Si wa mtu. Ni ng'ombe tu."

Kajuju akaweka ndizi zake chini. "Ng'ombe tu hayuko. Kila ng'ombe ana mwenyewe."

"Huyu wa ukutani hana."

"Basi ameibwa," akasema, na watu wakacheka.

Hapa ndipo taabu ya kuchorea watu wetu ilipo. Kichwa nilichochora kwa kinyozi hakuna aliyewahi kuuliza ni cha nani. Wanaingia, wananyolewa, wanatoka. Lakini mchoree mtu wa huku ng'ombe, atataka kujua boma, mama wa ng'ombe, na alizaliwa wakati gani. Hawawezi kumwona ng'ombe bila kumwona mtu amesimama kando na kamba.

Nilicheka pia. Ningejua nisingecheka kwa sauti.

Aprili 8, Jumanne

Goti langu limekuwa kubwa kama kabichi, lakini mkono ni mzima, kwa hiyo naandika.

Nilikuwa juu ya ngazi asubuhi, namalizia maandishi ya NYAMA SAFI. Nikasikia pikipiki imesimama ghafla na mtu ameruka kabla haijatulia. Ni Runji wa Kanja. Runji ni rika yangu, tulitahiriwa pamoja, na rika anaruhusiwa kukutukana kuliko mtu mwingine, kwa hiyo sikuhofu.

Nieleze kidogo. Runji alikuwa na dume la kuvuta mkokoteni, jina lake Sajini. Alimnunua Kiambere akiwa ndama, bei ya chini kwa sababu mwiba ulikuwa umemharibu jicho moja, likawa jeupe. Sajini amebeba majani chai na kahawa ya nusu ya Kanja. Mwezi wa kwanza wezi walivunja boma wakaondoka naye. Tangu hapo Runji ni mtu wa kuzunguka masoko ya mifugo, anainama kuangalia kila dume usoni, mpaka wachuuzi wamempa majina.

"Njoka!" akaita. "Ulimwona wapi Sajini?"

"Sajini gani? Wa polisi?"

"Usinichezee leo. Huyo hapo!" Alikuwa ananyoosha kidole ukutani. "Kahawia. Pembe imeinama. Jicho la kushoto jeupe. Ni nani kama si yeye?"

"Runji, hiyo pembe ni ya bomba."

"Bomba gani?"

"Hilo bomba! Na hilo si jicho jeupe. Hapo hakuna jicho."

"Hakuna jicho? Nami naliona?"

"Unaona ukuta!"

Akawageukia watu, maana watu walikuwa wameshajaa, watu wa sokoni hawana kazi. "Mnamsikia? Alimwona amefungwa hapo nyuma anangoja kisu, akamchora. Sasa anasema ni ukuta. Sajini wangu ameuzwa hapa kwa kilo, na ninyi mmemla!"

Nikaona watu wanaacha kucheka. Mama mmoja aliyekuwa na nyama kwenye mfuko akaushika kwa vidole viwili, mbali na nguo.

Idrisi akatoka na aproni. "Mzee wangu, mimi nimefungua juzi. Dume lako limepotea mwezi wa kwanza. Na kila ng'ombe hapa amepigwa muhuri na mkaguzi."

"Muhuri unanunuliwa," mtu akasema huku nyuma.

"Shuka, Njoka!" Runji akashika ngazi. "Shuka unionyeshe mahali ulipomwona!"

Sijui kama alitaka kuitikisa au alitaka tu kitu cha kushikilia. Ngazi iliondoka. Mguu mmoja wangu ulifika ndani ya debe la chokaa, ule mwingine ukaenda safari yake. Nikiwa chini nikamwona Runji amesimama juu yangu, uso umemvimba, na nikafikiri: huyu ni mjinga mkubwa kuliko wote niliotahiriwa nao.

Aprili 9

Binti yangu Makandi amekuja na dawa ya kuchua. "Baba, umri wako na ngazi haviendani." Nimemwambia mimi na ngazi hatukuwa na ugomvi.

Aprili 11, Ijumaa

Nimefika bucha nikiegemea fimbo. Miguu ya ng'ombe imening'inia pale dirishani na hakuna mtu. Idrisi anafukuza nzi. Upande wa pili wa barabara, Runji amekaa kwenye kreti ya soda, anawaonyesha wapita njia simu yake.

Nikamwendea. Simwogopi. "Unaonyesha nini?"

Ni picha ya binti yake siku ya kumaliza chuo, amevaa joho. Nyuma ya joho, pembeni kabisa, kuna kitu cha kahawia kama mto wa kiti.

"Huyo ni Sajini," akasema.

"Hicho ni kiti."

"Ni matako ya Sajini! Mimi ndiye niliyempiga picha. Alikuwa anakula majani ya ndizi pale, akageuka simu ilipolia. Sina nyingine."

Nilirudi nyumbani nikicheka, lakini njiani jambo hili likanishika. Ile ya simu haifanani na dume yeyote duniani, na bado ni picha ya Sajini, kwa sababu Sajini alikuwa pale, mwili wake wenyewe ndio ulioingia ndani ya simu. Na yangu inafanana na Sajini kama amesimama amwagiwe rangi, na bado si yeye, kwa sababu mimi sikuwahi kumwangalia Sajini hata mara moja nikiwa na brashi. Nilikuwa naangalia bomba.

Nikajiona nimelimaliza swali. Lakini hebu mweleze mtu aliyeshika mfuko wa nyama kwa vidole viwili.

Aprili 13, Jumapili

Kanisani wameombea walioibiwa mifugo. Watu wote wakageuka kuniangalia. Nikasema amina kwa nguvu kuliko mchungaji.

Aprili 15, Jumanne

Idrisi amekuja mpaka nyumbani kwangu. Hakukaa.

"Mzee, nimeagiza ng'ombe wawili wa Pasaka. Nisipouza Jumamosi, kodi ya chumba sina, narudi mjini kumshikia mtu mwingine kisu. Naibu wa chifu ameita kikao Alhamisi hapo bucha. Wakiamua nafunga, nafunga." Akageukia debe langu la brashi. "Tia jicho."

"Unasemaje?"

"Tia jicho, mzee. Jeusi. Ukitia jicho, huyo si dume la Runji tena. Dakika moja tu na imekwisha."

Mama yake alikuwa amebaki mlangoni. Hakuinua sauti. "Idrisi. Kitu ulichokiacha kwa ajili ya Mungu unakirudisha kwa ajili ya nyama?"

"Mama, ni duara moja!"

"Basi kama ni duara moja, kwa nini linakutoa jasho?"

Nikaingilia, maana niliona kijana anakaribia kulia na mimi sipendi kulia kabla ya chai. Nikamwambia, "Mama ana haki kwa sababu zake, nami nina zangu. Tukitia jicho leo, Runji atasema tumeficha ushahidi, na mji mzima utamwamini. Acheni Alhamisi ifike. Mnitayarishie chokaa, rangi nyeusi kidogo, na mtu wa kushika ngazi ambaye si Runji."

"Utafanya nini?" Idrisi akauliza.

"Nitachora."

Mwanamisi akaninyooshea kidole. "Chora unachotaka. Macho, hapana."

"Mama," nikamwambia, "wewe ndiye unayenipa ushindi na hujui."

Aprili 17, Alhamisi

Haya, leo nitaandika mpaka kalamu ichoke.

Kikao saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikakoma, matope kila mahali, na watu wakaja hivyo hivyo, kwa sababu kesi ya ng'ombe haikosi watu. Naibu wa chifu wetu ni Joyline, mama kijana, mkali, hapendi hotuba. Akamwambia Runji aseme kwanza.

Runji alisema vizuri. Lazima nikubali. Alieleza pembe, akaeleza rangi, akaeleza jicho na mwiba wa Kiambere, na kila alichotaja kilikuwa pale ukutani mbele ya macho ya watu. Kila akitaja, watu wanaitikia, "Ee." Idrisi akaonyesha mihuri. Hakuna aliyeitikia. Muhuri hauna pembe.

"Mzee Njoka," Joyline akasema. "Wewe ndiye uliyechora. Huyu ni ng'ombe wa nani?"

"Si wa mtu."

Watu wakaguna. Kajuju akapaza sauti, "Nilimwambia!"

"Na jicho jeupe?"

"Siyo jicho jeupe, chifu. Niliacha kutia jicho kwa sababu wenye ukuta hawataki jicho."

"Hayo ni maneno," Runji akasema. "Mimi naona jeupe. Kama angetaka dume zima, angechora jicho zima. Amechora jeupe, basi dume aliyemwona alikuwa kipofu upande huo."

Watu wote: "Ee!"

Nilijua atafika hapo. Nikaomba ruhusa nichore kitu kimoja. Joyline akaangalia saa, akasema nifanye haraka. Idrisi akashika ngazi. Nikapanda juu kabisa, juu ya kichwa cha fahali, ili watu wa nyuma pia waone, na goti langu linanitukana kila ngazi.

Nikaanza na kofia. Kofia ile ya Runji ina unyoya wa njiwa pembeni, ameivaa tangu nikiwa na nywele. Watu wakaanza kunong'ona. Nikatia masikio, na masikio ya Runji ni milango ya gari iliyosahauliwa wazi. Hapo mtu akacheka. Nikatia pua, kidevu, pengo la meno, na ile mikunjo miwili ya kwenye paji, ambayo amekuwa nayo tangu mwezi wa kwanza. Mahali pa macho sikugusa. Nikaacha chokaa, maduara mawili.

Nikageuka pole pole.

"Huyu ni nani?"

"Runjiiii!" Soko zima, mpaka watu wa bodaboda.

"Hakika?"

"Ni Runji! Ni Runji mwenyewe!"

"Chifu, na wewe unamjua?"

Joyline alikuwa amefunika mdomo kwa faili. "Namjua."

"Haya. Jicho lake la kushoto ni rangi gani?"

"Nyeupe," wakasema.

"Na la kulia?"

"Nyeupe!"

"Basi niambieni, watu wa Manyatta. Huyu rika yangu amefikaje hapa leo kutoka Kanja, kama ni kipofu macho yote mawili?"

Wote wakamgeukia Runji. Halafu Kajuju akaanza, cheko lake lile la kupiga mapaja, likabebwa na wengine mpaka likagonga mabati. Runji akapiga kelele, "Hiyo pua si yangu!" nami nikamjibu kutoka juu, "Kama pua si yako, basi jicho pia si la Sajini!" Na hapo hata Joyline alishindwa kujizuia.

Akasema kesi imekwisha. Akasema picha isiyo na jicho si picha ya asiye na jicho. Alisema vizuri kuliko mimi, nimeandika ili nikiulizwa niseme ni yangu.

Runji alivua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na kitu, akaenda kutafuta pikipiki. Nilitaka kumwita nimtanie tena. Idrisi alikuwa ananikumbatia pamoja na ngazi.

Aprili 19, Jumamosi

Nyama imekwisha saa sita mchana. Ng'ombe wote wawili. Mwanamisi amenifungia kongoro la supu kwa gazeti, akasema, "Kula, mchoraji. Lakini yule Yesu wako utamjibia mwenyewe."

Aprili 20

Pasaka. Mvua. Nimeshiba.

Aprili 25, Ijumaa

Nimemwona Runji sokoni. Alikuwa anataka kuvuka barabara. Vijana wawili wa bodaboda wakamkimbilia, wakamshika mkono huku na huku. "Taratibu, mzee, kuna shimo hapa. Inua mguu." Wanamvusha kama kipofu. Watu wanacheka. Hakuwakatalia, alitembea tu. Alipofika ng'ambo wakamwambia, "Umefika, mzee, ukumbuke tuliokuvusha."

Nilicheka kidogo. Kicheko hakikukaa.

Aprili 27

Gladwell, mke wa Runji, alinisubiri nje ya kanisa. Ni mwanamke mpole, na mpole akikasirika huna pa kujificha.

"Shemeji Njoka. Wajukuu wangu shuleni wanaulizwa kama babu yao anahitaji fimbo nyeupe. Mzee hataki tena kwenda soko. Ulitaka kuonyesha kwamba si kipofu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa ni kipofu kila mahali isipokuwa nyumbani."

Nikafikiri jibu la mzaha. Nilikuwa nalo, na lilikuwa zuri. Nikaliacha.

Aprili 30, Jumatano

Nimeenda bucha mapema kabla haijafunguliwa, nichukue ngazi. Nikamkuta Runji amekaa kwenye kreti ya soda, mgongo barabarani, uso ukutani. Mkononi ana kikombe cha chai chenye mvuke.

"Umekuja kutushtaki tena?"

"Nimekuja kumwangalia."

"Runji, si yeye. Nilikuambia mbele ya watu wote."

"Uliniambia." Akanywa chai. "Njoka, wewe unafikiri mimi sikusikia? Nilisikia siku ile ya kwanza ulipotaja bomba. Bomba naliona. Lakini mimi nimezunguka miezi nauliza Sajini yuko wapi, na kila mtu ananiambia pole. Ukuta huu ndio wa kwanza kuniambia yuko hapa."

Nikaenda kusimama kando ya kreti yake.

"Ile ya simu ni matako tu," akaendelea. "Hii ina shingo. Shingo yake ilikuwa hivyo hasa, alipokuwa anavuta kupanda kile kilima cha kwenda kiwanda cha chai. Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilichora shingo tu."

"Haidhuru."

Nilipouliza chai imetoka wapi, akaonyesha mlango wa nyuma. Mwanamisi alikuwa anafagia. Amekuwa akimletea kila asubuhi, kumbe Runji anakuja kila asubuhi. Nikamwuliza yeye, mwenye sheria zote zile, inakuwaje anamruhusu mtu akae mbele ya picha namna hiyo.

"Anaangalia," akasema, "haabudu. Mwache amalize chai."

Nimekuwa nikijiambia kwamba picha ni ya yule ambaye mchoraji alimfikiria, na kwa kuwa mimi sikumfikiria mtu, basi fahali si wa mtu. Nimeshinda kesi kwa hilo na sirudi nyuma. Lakini naona mchoraji ana neno la kwanza tu. Mlango ukifunguliwa saa mbili, pale ukutani ni ng'ombe tu, anauza nyama. Kabla ya saa mbili ni Sajini. Wala sikuongeza hata tone la rangi.

Na Runji si mjinga wa kwanza kati ya niliotahiriwa nao. Nimehesabu upya. Yeye ni wa pili.

Mei 3, Jumamosi

Mvua imekatika tangu juzi, ukuta umekauka. Idrisi atakuwa machinjioni kesho asubuhi na Makandi amekataa kugusa ngazi. Nimemwandikia Runji ujumbe kwa simu, na naunakili hapa ili asije akasema hakuupata:

"Rika, ni Njoka. Kesho kabla ya kanisa napanda kupaka chokaa pale juu, nikuondoe kofia, masikio na yale macho ambayo sikukutia. Sajini simgusi, atabaki na shingo yake. Ila goti bado halijapona, na aliyelivunja ni wewe, na kwetu ukimwangusha rika yako unamwinua. Hilo moja unadaiwa nami. Kwa hiyo njoo unishikie ngazi, Runji, na safari hii ushike kweli."